Bavuge na Buibui la Shangazi

Kresili ni dawa ya kuoshea sakafu na vidonda vya ng'ombe. Ikikutana na maji hugeuka nyeupe kama maziwa, na harufu yake ikishaingia katika nguo haitoki. Wiki iliyopita, siku tuliyomzika mbwa wetu, Shangazi alinituma nimtolee buibui lake sandukuni. Alisema hawezi kutoka mbele ya majirani na leso ya jikoni, hata kama ni maziko ya mbwa. Nilipolikunjua buibui, harufu ya kresili ikanipanda puani kana kwamba zizi zima la serikali lilikuwa limekunjwa mle ndani pamoja na karafuu zake. Limefuliwa na kufuliwa. Limeanikwa juu ya mawe meusi nyuma ya nyumba, limefukizwa udi kila Idi. Bado linanuka.

Nikacheka peke yangu. Kisha nikaudhika, kwa sababu nje, nyuma ya ua wa miti ya miyenzi, mwanamke mmoja alikuwa akimwambia mwenzake, "Ile mbwa imekufa bila katoto hata kamoja. Kwani nani alisema waikate?"

Ninyi wa rika langu mliokulia hapa Gisenyi, katika mtaa wetu wa juu ya soko, mmelisikia swali hilo tangu tukiwa watoto, na jibu mlilopewa si la kweli. Jibu la kweli ninalo mimi. Sikuliandika zamani kwa sababu sikuwa mtu wa kusema. Sasa naliandika.

Baba ni fundi cherehani. Nilipokuwa mtoto wezi walitoboa ukuta wa nyuma wakambebea majora mawili ya kitambaa, na mvuvi mmoja aliyekuwa akishonewa kwetu akamletea mbwa mdogo ndani ya kikapu cha samaki, akasema, "Hii itakulindia." Hakuna aliyemgeuza kumtazama kama ni dume au jike. Kwetu sisi Waislamu mbwa haingii ndani, na akilamba chombo, chombo huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Aliyesugua vyombo hivyo ni mimi. Nilisugua mpaka vidole vikachubuka, wala sikumsengenya mbwa hata siku moja.

Jina alimpa Mama. Mama alizaliwa Kanzenze, akasilimu alipoolewa, lakini mambo ya kwao hakuyaacha yote.

"Kwetu mbwa haitwi Simba," alimwambia Baba. "Mbwa unampa maneno yako. Kila ukimwita, jirani anayasikia, na hawezi kukushitaki, kwa sababu umemwita mbwa."

Majirani walikuwa wameanza kunong'ona kwamba nyumba ya fundi sasa inafuga najisi njiani pa kwenda msikitini. Basi Mama akamwita mbwa Bavuge, yaani kwa lugha ya kwao "waache waseme." Jioni alisimama mlangoni na sahani ya makombo, akaita kwa sauti ndefu kuelekea nyumba za watu, "Bavuge! Bavugeee!" Mbwa alikuwa miguuni pake tangu mwanzo.

Mimi nilikuwa mtoto wa kike wa kuongea na sakafu. Shuleni nikiulizwa jina langu nilitazama vidole vya miguu mpaka mwenzangu anijibie. Nikimwita mbwa, nilimwita kwa mdomo uliofumbwa nusu, na yeye alinisikia.

Mwenye neno nyumbani mwetu hakuwa Baba wala Mama. Alikuwa Shangazi Mwanaidi, dada yake Baba. Mumewe alikuwa amemrudisha kwa kaka yake kwa sababu hakuzaa. Wanawake wote wa mtaani waliitwa Mama Fulani; yeye peke yake aliitwa kwa jina lake, na walilitamka taratibu, kama mtu anayeshika sufuria ya moto. Mambo yote ya wanawake aliyaamua yeye: nani avae nini, nani aende wapi, lini. Baba alikuwa na neno moja tu la kumjibu: "Tutaona." Suruali za watu zilikaa mwezi mzima chini ya "Tutaona" ya Baba.

Mwaka ule ndipo Shangazi alipomweka ndani dada yangu Sauda. Asubuhi moja Sauda hakuamshwa kwenda shule. Shangazi alisema amekuwa mkubwa, na msichana mkubwa hukaa ndani mpaka aposwe. Kitabu chake cha kusoma nikapewa mimi, bado kina alama ya kidole chake penye ukurasa aliokuwa amefika. Sikuelezwa chochote, basi nikajielezea mwenyewe: kuna kitu humwingia jike akikua, na kikishamwingia anafungiwa.

Miezi michache baadaye alikuja Kalisti, msaidizi wa daktari wa ng'ombe, na suruali yake ya kaki iliyoraruliwa na pembe. Kalisti alikuwa Mkristo wa upande wa ziwani, mtu wa kucheka kabla ya kusema. Bavuge akamnusa viatu. Kalisti akainama, akamtazama, akacheka.

"Fundi, hii mbwa yako iko mwanamuke. Unajua?"

"Najua," alisema Baba, ingawa hakujua.

"Bon. Karibuni itapata joto. Madume ya ku ziwa, madume ya kule Nyundo, yote yatakuja kulala hapa ku mulango yako. Na askari watakuja nyuma yao."

Baba aliacha kukanyaga cherehani. Kiangazi kilichopita, baada ya mtu kuumwa na mbwa mwenye kichaa, askari walikuwa wakipiga risasi kila kundi la mbwa waliloliona mjini. Mbwa jike wa muuza mkaa alilala kando ya barabara ya bariere ya mpakani, na madume yaliyomfuata yamelala nyuma yake mfululizo, kama yalikuwa bado yanamfuata. Nilipita pale nikienda shule. Nilifumba macho, lakini nilikuwa nimekwisha kuona.

"Kwa hiyo tufanye nini?" aliuliza Baba.

"Daktari anaweza kutosha kizazi, kukitoa kabisa. Anafanyaka kwa mbwa za wazungu wa kando ya ziwa, na ya kwako atafanya, maana amechoka na haya makundi. Lakini iko na wakati yake. Mbele ya damu ya kwanza, muzuri sana. Damu ikianza, hapana. Inatoka mingi ku meza, inaweza kufa. Hapo munangoja ikauke, na miezi mbili tena juu yake."

"Na katika kungoja huko?"

Kalisti alinyanyua mabega. "Katika kungoja, askari."

Pazia la mlango wa ndani likatikisika. Shangazi hakutoka, alisema akiwa nyuma yake.

"Huyo atazaa kwanza. Mara moja tu, halafu mkateni mtakavyo. Jike asiyezaa hata mara moja, damu humpanda kichwani akawa mwendawazimu."

"Mama, daktari hasemi hivyo," alisema Kalisti.

"Daktari wako amezaa?"

Kalisti akajikuna shingo. "Hapana, Mama. Hiyo hajafanya."

"Basi asinifundishe. Mwacheni mnyama apate mtoto mmoja wa kumwita wake."

Baba alisema, "Tutaona," akarudi kwenye cherehani.

Leo najua kwa nini Shangazi alilishikilia neno lile. Siku ile sikujua. Niliona tu kwamba anataka Bavuge aingiwe na kile kitu, kisha afungiwe kama Sauda, au afe njiani kama mbwa wa muuza mkaa. Na nikawaza jambo jingine, ambalo kwa mtoto lilikuwa na akili kabisa: kama daktari anaweza kukitoa kitu hicho kwa mbwa, basi anaweza kukitoa kwa Sauda pia, na Sauda atarudi shuleni.

Nilimwendea Sauda chumbani, alikokuwa akichambua mchele ambao nilijua umekwisha kuchambuliwa.

"Dada, twende wote kwa daktari," nikamnong'oneza. "Akitoe kwa Bavuge, halafu akitoe kwako."

"Akitoe nini?"

"Kile wanachokufungia."

Sauda alicheka mpaka mchele ukamwagika. Kisha akawa hacheki tena, ingawa mabega yalikuwa bado yanatikisika. Alijifuta kwa leso, akanishika shavu.

"Mimi sina kitu cha kutolewa, mdogo wangu. Sina ugonjwa. Hata Bavuge hana ugonjwa. Sisi tuko sawa. Wanaotuogopa ndio wanaotufungia, na daktari hana dawa yao."

"Kwa hiyo Bavuge atakufa?"

Alitazama dirishani. Tangu awekwe ndani, dirisha lile lilikuwa shule yake. Alimwona mbwa uani tangu asubuhi mpaka jioni, kuliko mtu yeyote kati yetu.

"Tangu jana anajilamba sana," alisema. "Na lile dume jekundu la sokoni limepita mara mbili na kukojolea ua. Damu bado, lakini iko njiani. Ni wiki hii au basi."

"Baba anasema tutaona."

"Baba ataona maiti."

Tukatazamana. Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Alhamisi daktari alikuwa katika zizi la serikali, ambako ng'ombe walichomwa sindano. Na Alhamisi Shangazi alivuka bariere kwenda Goma na furushi la leso na kofia za kuuza, akivaa kitenge cha safari. Buibui lake la heshima lilibaki sandukuni.

Hakuna aliyesema neno buibui. Sauda alitazama sanduku tu, nami nikatazama sanduku.

Mama alituona. Hili sikuwahi kumwambia mtu. Asubuhi ile, Sauda alipotoka chumbani amejifunika buibui jeusi kuanzia utosini mpaka vidoleni, akibakiza macho, Mama alikuwa amekaa jikoni akimenya viazi. Aliinua macho, akamtazama "Shangazi" huyo aliyekuwa mfupi kwa kiganja kizima. Akarudi kwenye viazi vyake, akasema kama anakiambia kisu, "Njia ya nyuma ina matope. Piteni ya mbele."

Ya mbele maana yake ni sokoni, penye macho ya watu wote.

Nilimfunga Bavuge kamba ya vipande vya kitambaa vya Baba, tukatoka. Ninyi mliotuona siku ile mlidhani mmemwona Shangazi. Sauda alitembea kama yeye, kisigino kikipiga chini kama kinagonga mlango. Watu walipotusalimu, alijibu kwa kikohozi cha Shangazi, kile kikavu cha mara moja kinachomaliza mazungumzo.

"Salam alekum, Bi Mwanaidi!"

Kikohozi.

"Ayi we! Bi Mwanaidi leo anatembeza mbwa kama madamu wa kizungu!" alipaza sauti muuza mkaa. "Munaenda kuoga ku ziwa?"

Sauda alipunga mkono namna ile ya Shangazi ya kufukuza nzi, na wanawake wa soko wakaangua kicheko. Chini ya buibui nilisikia pumzi yake ikienda mbio. Mkono wake mwingine, uliofichwa, ulikuwa umenishika bega mpaka likauma. Alikuwa hajaonja jua la barabarani kwa miezi.

Zizini kresili ilikuwa imemwagwa kila mahali. Sakafu ya saruji ilikuwa nyeupe, macho yaliwasha, na pindo la buibui likaburuta ndani ya ile dawa mpaka Sauda akalinyanyua kwa mkono. Kalisti alipotuona alianza kucheka, halafu akatazama macho yale yaliyobaki wazi, akatazama kimo, na kicheko chake kikamezwa. Alimjua Shangazi vizuri. Alimbeba Bavuge akamweka mezani.

Daktari alikuwa mzungu mwenye nywele masikioni, mikono yake myekundu kwa kusuguliwa. Alimfunua mbwa, akamtazama, akauliza kwa Kiswahili chake.

"Damu bado?"

"Bado, Docteur," alisema Kalisti.

"Zaa bado?"

"Bado."

"Bon. Leo muzuri. Wiki moja tena, hapana muzuri." Akageukia buibui. "Mama. Mbwa ya wewe. Mimi nakata, yeye hapana zaa tena, hata siku moja. Donc, basi, nani anasema mimi nakata? Wewe anasema?"

Nilisubiri kikohozi, hakikuja. Kikohozi kingetosha kwa muuza mkaa, lakini mtu huyu alitaka neno, na sauti ya Sauda ilikuwa bado ya msichana. Mkono wake uliolowa kresili ukanishika bega tena. Daktari akaweka kisu chake chini kwenye sahani ya bati, na nikasikia bati lile likilia.

Hapo mtu akasema, kwa sauti kubwa kuliko iliyohitajika, "Kata. Leo."

Mtu huyo alikuwa mimi. Daktari alinitazama, akalitazama buibui, na buibui likainamisha kichwa. Akaniuliza tena, kama mtu mzima anavyoulizwa, "Leo?"

"Leo. Kabla ya damu."

Kalisti akatia dawa ya usingizi katika pamba.

Tulirudi bila mbwa. Kalisti aliahidi kumleta jioni kwa baiskeli. Sauda aliingia chumbani, akakunja buibui, akalirudisha. Alikaa kitandani akinusa mikono yake. Alikuwa akitabasamu.

Mchana nilikwenda bariere kumpokea Shangazi na kumbebea furushi, kama kila Alhamisi. Tulipofika sokoni nilijua nimekwisha.

"Bi Mwanaidi!" aliita muuza mkaa. "Mbwa iko wapi? Mumeiacha lopitali?"

"Watu wa ku zizi wanasema ulimwambia muzungu aikate!" aliongeza mwanamke wa nyanya. "Wewe mwenyewe! Yesu! Si ulisema izae kwanza?"

Shangazi alisimama. Aliwatazama, kisha akanitazama mimi. Nilitazama vidole vyangu vya miguu. Akainama kana kwamba ananifunga leso vizuri, na nikamsikia akivuta pumzi puani penye bega langu, mahali ambapo mkono wenye kresili ulikuwa umenishika. Akavuta mara ya pili.

Nilimwona akihesabu moyoni. Kama si yeye aliyepita sokoni ndani ya buibui lake, basi ni nani? Katika nyumba yetu kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye hakutakiwa kuonekana nje. Akisema "si mimi," mtaa mzima ungejua kabla ya jua kuzama kwamba msichana aliyewekwa ndani na Bi Mwanaidi alikatiza soko mchana kweupe. Akisema "ni mimi," basi yeye, ambaye mume alimrudisha kwa kukosa mtoto, ndiye aliyemnyima mbwa mtoto.

Aliunyoosha mgongo. "Ndiyo, ni mimi. Kwani mbwa ni wa nani?"

"Lakini Bi Mwanaidi, mutu kama wewe..." alisema yule wa nyanya, na hakumaliza. Hakuhitaji kumaliza.

"Mtu kama mimi ndiye ajuaye," alisema Shangazi. "Pima nyanya zako."

Aliongoza njia mpaka nyumbani. Mlangoni alipokea furushi lake, akaingia kwa Sauda, akafunga mlango. Mimi na Mama tulisimama jikoni tukisikiliza. Hatukusikia kofi. Tulisikia sanduku likifunguliwa, kisha sauti ya Shangazi, "Mmenichafulia pindo."

Bavuge aliletwa jioni ndani ya kreti, amefungwa tumbo kwa kitambaa, akinuka kresili na usingizi. Shangazi ndiye aliyemtandikia gunia. Baba alitutazama sote mmoja mmoja, akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza Shangazi alimtangulia.

"Tumeshaona," alisema.

Sauda hakurudi shuleni, nisiwadanganye. Lakini mwezi haukwisha kabla Shangazi hajatangaza kwamba macho ya Baba yamechoka na kwamba Sauda atakaa kwenye cherehani, na cherehani ilikuwa barazani, mbele ya watu wote. Leo anashona Goma, chini ya kibao chenye jina lake. Mimi niliendelea na shule mpaka darasa la mwisho walilonipa. Kuhusu kuwekwa ndani, Shangazi hakunigusia. Nadhani alijua nina mdomo.

Bavuge aliishi miaka mingi, hakuwa mwendawazimu, wala hakuna mwizi aliyetoboa ukuta tena. Madume yalipita njia bila kugeuza shingo. Na kila mara watu walipotaka kumchoma Shangazi, waliuliza kwa upole habari za mbwa wake asiyezaa.

Wiki iliyopita tulimzika nyuma ya nyumba. Shangazi alisimama ndani ya buibui lake, mgongo umepinda sasa. Wale wanawake wawili wa nyuma ya miyenzi walikuja mpaka penye mwanya.

"Pole, Bi Mwanaidi," alisema mmoja. "Imekwenda peke yake, masikini. Tasa haachi kitu."

Shangazi alikohoa kile kikohozi. "Niliamua mimi," alisema, kama alivyosema miaka yote.

Mwingine akanigeukia. "Na huyu je? Miaka inapita. Wachumba wanakuja, wanarudi. Ataolewa lini? Au munangoja daktari?"

Walicheka. Nilitazama vidole vyangu vya miguu, kwa mazoea, nikaona udongo mwekundu wa kaburi juu yake. Nikainua kichwa.

"Hakuamua Shangazi," nikasema. "Niliamua mimi. Aliyesema kata ni mimi, na aliyesema leo ni mimi. Na nitakapotaka kuolewa, nitawaambia siku."

Kicheko kilikauka. Shangazi alinigeukia. Alikuwa amelibeba neno lile miaka yote, na sasa nimemtua mzigo huo mbele ya watu bila kumwomba ruhusa. Kisha akaushika mkono wangu, akasogeza mdomo karibu na sikio langu, na ile harufu ya zizi ikatufunika sote wawili.

"Mwite mbwa," alisema.

"Amekufa, Shangazi."

"Kwani mama yako alikuwa akimwita mbwa?"

Nikageukia ua wa miyenzi, nikajaza kifua, nikaita isikike mpaka chini sokoni.

"Bavugeee!"